Mtoto wa Paani

Mtoto Yunisi alikuwa amelala fofofo mgongoni mwa mama yake, wala hakuwa amelia, lakini maziwa yalianza kumtoka Theodora. Alikuwa anasaga uwele. Kifua kilimsisimka, nguo ikalowa, naye akasimamisha jiwe ili asikilize. Vilio vilitoka juu, ndani ya paa la udongo la nyumba yao ya tembe: vyembamba, vingi, vikichoma sikio kama sindano.

"Mama, unasikia?" alimwuliza mama mkwe wake kwa sauti ya chini.

"Nasikia. Nilimkataza Gasto, akanicheka."

Pale Mwankoko kila mtu alijua kwamba popo hawafukuzwi mvua zinapoanza. Majike huzaa wakati huo, kila mmoja mtoto mmoja tu, asiye na manyoya. Jioni mama humwacha ananing'inia kwenye boriti, akaenda kuwinda nondo na mbu. Akirudi humtafuta mwanawe katikati ya watoto wengi, humjua kwa sauti na kwa harufu, wala hampi titi mtoto wa mwenzake. Ndiyo maana wazee walingoja watoto waruke, ndipo wakaziba matundu.

Lakini Gasto, mume wa Theodora, alikuwa amerudi majuzi kutoka kukata mkonge, na huko alikuwa ameona jinsi Mwingereza alivyoziba ghala lake. Jana yake jioni alisimama chini ya tundu, popo wakatoka mkururo. Wa mwisho alipopita tu, Gasto akapiga udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe.

"Kuanzia kesho uji wangu hautakuwa na chumvi ya mavi ya popo," alisema akinawa mikono.

"Na watoto wao?" aliuliza mama yake.

"Mama, unataka niwachinjie mbuzi?"

Alfajiri majike walirudi wakajipigiza ukutani, pa, pa, pa, mpaka jua lilipochomoza. Siku zilizofuata vilio vilipungua, na harufu ya uozo ikashuka, ikakaa kwenye unga na kwenye ngozi za kulalia. Mwishowe kikabaki kilio kimoja. Mchana mmoja, wengine wakiwa shambani, udongo wa paani ulimeguka, na kitoto cha popo kikaanguka mkekani karibu na Yunisi. Kilikuwa kidogo kama kidole gumba. Kiliinua mdomo kikitafuta. Theodora alifikiri kidogo tu, akachovya ncha ya kitambaa katika maziwa yake, akakinyonyesha. Kisha akakificha ndani ya kibuyu kikubwa, nyuma ya kihenge cha nafaka. Hakumwambia mtu. Alikuwa bado mgeni katika nyumba ile, na aibu ilimfunga mdomo.

Tangu siku hiyo Yunisi hakulia tena. Alifumbua kinywa, mishipa ya shingo ikamsimama, ulimi ukatetemeka, lakini sauti haikutoka. Kila alipofanya hivyo, mbwa aliyelala uani aliinuka, akakunja mkia na kunung'unika.

"Baba Yunisi, mtoto hana sauti," alinong'ona Theodora.

"Ana mafua," alijibu Gasto, lakini na yeye alinong'ona.

Kile cha kibuyuni kilikua. Kwanza Theodora alidhani ni macho yake, kwa kuwa nyuma ya kihenge palikuwa na giza hata mchana. Lakini ikafika jioni alipoingiza mkono na kukuta kibuyu kimejaa pomoni, kina joto, na ndani yake kitu laini kisicho na manyoya wala mbawa kikamshika kidole kwa vidole vitano vidogo, kikakivuta taratibu mdomoni, kikaanza kunyonya, naye alipokwenda kumbeba Yunisi akakuta wote wawili wananuka harufu moja.

Alimwambia mama mkwe yote, akilia. Mama mkwe hakumkemea. Alimtuma Gasto akamwite mganga Mughwai.

"Shikamoo, babu," alisema Theodora.

"Marahaba, mwanangu. Kiko wapi?" Mughwai alikinusa kibuyu kutoka mbali, akarudi nyuma. "Hukulea popo. Popo walikwisha kufa wote. Jini wa paani alisikia vile vilio, akajifunza kulia, nawe ukamwitikia. Sasa wamenyonya maziwa ya titi moja. Anamla binti yako kidogo kidogo. Ameanza na sauti. Atamalizia na sura."

"Tumuue!" alisema Gasto.

"Ukimgusa sasa, Yunisi atakufa naye. Toboa paa, upana wa ungo. Jua likizama, mama mtu akae chini ya tundu peke yake, bila moto, na wote wawili mapajani. Amwite mwanawe. Atakayeitika, amshike. Mwingine amwinue juu, atapokelewa."

Jua likazama. Theodora alikaa gizani na mizigo miwili iliyofungwa kwa kaniki, yenye uzito mmoja, na juu ya tundu popo walizunguka wengi hata upepo wa mbawa zao ukamgusa uso, na alipopapasa paji la uso la huyu kisha la yule hakuona tofauti, na alipowanusa hakuona tofauti, ndipo alipofungua mdomo akaita, "Yunisi! Yunisi wa mama!"

Aliye kushoto akalia. Kilio cha Yunisi kile kile, chenye kwikwi mwishoni! Theodora akambana kifuani, na kwa mkono mwingine akamwinua aliyekaa kimya. Kitu chenye kucha ndogo kilimpokea kwa upole, kama mkunga anavyompokea mtoto. Mbawa zikavuma, zikaelekea kwenye mawe makubwa ya nje ya kijiji, pakawa kimya.

"Amelia!" Gasto aliingia mbio na kijinga cha moto. "Binti yangu amelia!"

Kweli alikuwa Yunisi, kwa sura, kwa kovu dogo la kidevuni. Mama mkwe alipiga vigelegele. Mughwai alikaa chini, akapangusa jasho. Mtoto akalia tena, kwa nguvu, sauti nzuri iliyojaa nyumba nzima.

Theodora aliisikiliza sauti ile. Ilikuwa ya Yunisi. Na Yunisi hakuwa na sauti.

Alimweka mtoto mapajani mwa mama mkwe, akajifunga kaniki, akaenda mlangoni.

"Unakwenda wapi na giza hili?" aliuliza mama mkwe.

"Maweni, kumnyonyesha Yunisi."

"Yunisi si huyu hapa?"

Theodora alikwisha kutoka. Mama mkwe aliinamisha macho. Mtoto alikuwa ameacha kulia, ametulia, anamtazama mdomo kwa makini, kama mtu anayejifunza.