Vikombe Vilivyoanikwa Juu ya Bati

Kila asubuhi Sitara na mama yake, Bi Maimuna, walifika mapema kwenye baraza lao la Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mama aliwasha mkaa na kukoroga uji wa ulezi, Sitara akapanga vitumbua kwenye sinia. Alikuwa darasa la sita na alisoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zake zote zilikuwa za uji.

Zamani waliuza kwa vikombe vya bati. Mteja akimaliza, kikombe kilisuuzwa kwenye ndoo, akapewa mwingine. Masika yalipoleta minong'ono ya kipindupindu, wateja wakagoma. "Mama, tutilie kwenye vile vya karatasi, vya kutupa," walisema wapagazi. Bi Maimuna hakuwa na la kufanya. Akawa ananunua vikombe vya karatasi kwa Elisaria, mwenye duka la jumla mtaa wa pili, ambaye watu wote walimwita Mangi.

"Hivi vikombe vitatumaliza," mama alilalamika kila jioni. "Faida yote inaishia kwenye pipa la taka."

Maneno hayo yalimchoma Sitara. Hakuwa mtoto mbaya, na asije mtu akasema hivyo. Alijiambia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Akaanza kuokota vikombe vilivyotumika ambavyo havijakunjika, akavipeleka nyumbani Ilala, akavisuuza na kuvianika juu ya bati la bafu la uani. Vilipokauka alivichomeka kimoja ndani ya kingine na kuvirudisha kwenye mfuko wa nailoni wa vikombe vipya. Kwani vile vya bati havikuwa vikisuuzwa miaka yote?

"Siku hizi vikombe vinadumu," mama alishangaa. "Una mkono wa baraka, mwanangu."

Sitara alitabasamu tu. Sifa ni tamu, na mtoto aliyeonja sifa haachi kirahisi.

Jirani yao pale barazani alikuwa Ritha, fundi cherehani. Msimu ule alikuwa na kazi nyingi za sare za shule, akashona huku akinywa uji. Asubuhi moja Sitara alimpelekea uji ukifuka moshi. Ritha alipokiinua kikombe, kitako kikaachia. Uji wote ukamwagikia mkono wake wa kulia, mzito, ukang'ang'ania ngozi.

"Mungu wangu! Mkono wangu!" alipiga kelele.

Walimmwagia maji, wakamkimbiza hospitali. Alirudi mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Daktari alimwambia asiguse kazi mpaka kidonda kipone. Cherehani ikafunikwa kitambaa.

Bi Maimuna alifura. Akaenda moja kwa moja dukani kwa Elisaria na kusimama katikati ya njia.

"Mangi, unatuuzia vikombe feki! Umemuunguza mtoto wa watu!"

"Mama, mimi vikombe hivi nawauzia mtaa mzima," Elisaria alijitetea. Alichukua kikombe kipya, akakijaza chai ya moto na kukiweka mezani. Hakikuvuja. "Umeona?"

"Hicho umekichagua! Jamani, msinunue hapa!"

Kariakoo watu hujaa upesi. Wengine walipiga picha kwa simu, wengine wakazomea. Sitara alisimama nyuma ya mama yake. Alijua. Na alinyamaza.

Baada ya hapo kila kitu kiliharibika. Wateja wa Elisaria walihamia maduka mengine. Wateja wa uji nao waliogopa, nani anataka kuungua? Uji ulirudi nyumbani kwenye sufuria, ukamwagwa. Waliompa Ritha vitambaa walikuja mmoja mmoja kuvichukua, wakampelekea fundi mwingine. Sitara hakula vizuri wala hakulala vizuri, na hakuona njia ya kutokea.

Asubuhi moja alimkuta Ritha ameondoa kile kitambaa. Alikuwa anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Uzi ulipita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Kisha akaegemeza kichwa kwenye cherehani, akalia kimya kimya.

Sitara hakuweza tena.

"Anti Ritha, nisamehe. Vile vikombe ni mimi. Nilivisuuza, nikavirudisha. Mangi hana kosa."

Bi Maimuna, aliyekuwa akipuliza mkaa, aliinuka taratibu.

Mama alimshika mkono, wakaenda mpaka dukani kwa Elisaria. Alisimama palepale katikati ya njia.

"Jamani, nisikilizeni! Nilimsingizia Mangi. Kosa ni la nyumbani kwangu."

Waliosimama walikuwa wachache, na wengine hawakugeuka. Elisaria alitikisa kichwa.

"Nimekusamehe, mama. Nawe mtoto, nimekusamehe. Lakini waliosikia siku ile hawapo hapa leo. Maji yakimwagika hayazoleki."

Tangu hapo Bi Maimuna alirudia vikombe vya bati. Safari hii alivichemsha kwenye sufuria mbele ya macho ya wateja, sabuni pembeni. Wapagazi wawili watatu wakarudi. Sitara kila asubuhi alimtungia Ritha uzi, akamshonea vifungo vya sare chache zilizobaki.

"Mwanangu," mama alimwambia wakati akiviopoa vikombe, "karatasi si bati. Ikishalowa maji ya moto mara moja, nguvu yake imekwisha, na uchafu wa mdomo wa mtu unabaki ndani. Akiba inayowekwa juu ya afya ya mwenzako si akiba, ni deni. Ulipokosea, ulikuwa mtoto. Ulipojua ukanyamaza, ukatuunguza wote. Ukweli usingoje kidonda kikubwa ndipo utoke."

"Nimeelewa, mama."

Sitara alijaza uji kwenye kikombe cha bati, akampelekea Ritha kwa mikono miwili. Bandeji ilikuwa imetolewa, ngozi imebaki na baka jekundu.

"Ahsante, mwanangu," Ritha alisema kwa upole.

Alikipokea kwa mkono wa kushoto. Kisha, kabla ya kunywa, akakiinua juu na kukichungulia kitako.