Ubao wa Zena

Mama Klara, jirani yetu, alisema aliona kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa anamtafuta kuku wake nyuma ya nyumba ya Mzee Ntandu, akamkuta mzee amekaa na bakuli la udongo, na ndani ya bakuli mna maji meusi. Binti yake Zena alilishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, halafu akafuta midomo kwa kanga. "Kesho yake asubuhi," alisema Mama Klara, "mtoto aliamka anasoma Kiarabu kama aliyezaliwa Maka. Sura nzima. Na jana yake hakuijua."

"Wewe Mkatoliki," mama yangu alimwambia huku akipepeta mtama, "umejuaje kama ilikuwa sura nzima?"

"Ilikuwa ndefu, Mama Sauda. Nilimpata kuku, nikamfunga miguu, nikafika kwangu, bado anasoma."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na maneno yale yaliniingia moyoni yakakaa. Nilijua kwamba watu wengine huandika aya kwa zafarani kwenye sahani, wakaziosha, wakampa mgonjwa maji yale anywe, nayo huitwa kombe. Kumbe hivyo ndivyo Zena anavyonishinda, nilijiambia. Hasomi. Ananyweshwa.

Wakati ule Waingereza walikuwa bado wanatawala, na sisi wa Mwankoko tulikuwa na chuo kimoja cha Kurani, kibanda cha miti kando ya majabali, kwa Maalim Hango. Kila siku tukitoka shambani tulikwenda pale na mbao zetu. Wino tulitengeneza wenyewe kwa masizi ya chungu na gundi ya mgunga, na kalamu ilikuwa tete lililochongwa ncha. Maalim alikusomea aya, wewe ukaandika, ukausoma ubao wako mpaka ukahifadhi. Ukishamsomea bila kuangalia, ndipo ulipoosha ubao na kuandika somo jingine. Kuosha kabla ya hapo kulikuwa kosa kubwa, maana msahafu ulikuwa mmoja tu, na Maalim aliufungia sandukuni nyumbani kwake.

Kwa miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wavulana. Halafu akaja Zena kutoka Ilongero, na mbuzi wa baba yake, na kanga yake moja yenye kiraka. Hakujua hata alifu. Miezi minane haikupita, Maalim akaanza kusema, "Msikilizeni Zena." Hakusema kwa sauti kubwa, lakini mimi nilimsikia kila mara.

Nilianza kumchunga Zena kama yeye alivyochunga mbuzi wake. Nilihesabu makosa yake. Alipokohoa katikati ya aya nilifurahi. Hata kwenye swala nilisimama karibu naye, nikairefusha sijida yangu ili wanawake waliokuwa nyuma waone kwamba nainuka baada yake. Nilijua nafanya hivyo, na niliendelea.

Siku moja Maalim alitupa habari. Bi Mwanaidi, mwanamke mwenye elimu kutoka Kondoa, alikuwa anakuja Alhamisi. Angechagua msichana mmoja wa kwenda kukaa kwake mwaka mzima, amfundishe Kurani na maana yake, kisha arudi kufundisha wasichana wenzake. Maalim alitupa wasichana wakubwa watatu masomo mapya. Mimi nilipewa mwanzo wa sura ya Yasini. Zena alipewa aya kumi na tano za mwanzo wa Tabaraka. Hawa, rafiki yangu, alipewa sura fupi, kwa sababu Maalim alimjua.

"Nyinyi someni," alisema Hawa. "Mmoja wenu akienda Kondoa, mimi nitambebea mzigo mpaka kwenye lori."

Nilitaka kwenda Kondoa kuliko kitu chochote. Kwa hiyo Jumatatu ile, nilipoosha somo langu la zamani, sikuyamwaga maji penye majani safi kama tulivyofundishwa. Niliyanywa. Yalikuwa machungu kwa masizi. Nilikaa juu ya jabali nikangoja kichwa kifunguke, lakini niliona upepo tu unapita. Nikaamua kwamba ubao wangu hauna kitu ambacho ubao wa Zena unacho.

Jumatano baada ya swala ya alasiri, Maalim alikwenda mjini kumpokea mgeni, tukabaki tukisoma wenyewe. Mbuzi wa Zena waliingia mtamani mwa watu. Akauegemeza ubao wake kwenye jabali, akakimbia kuwatoa. Hawa na wengine walikuwa upande wa pili wa kibanda. Nilichukua kata ya maji, nikausugua ubao kwa kiganja mpaka mwandiko wote ukayeyuka, maji yakaingia ndani ya kata, nikayanywa. Siwezi kusema kwamba nilitaka akili tu. Nilitaka mimi nijue, na nilitaka pia yeye asijue.

Zena alirudi anahema. Aliuona ubao, akaugeuza upande wa pili, akaugeuza tena.

"Nani ameosha ubao wangu?"

"Labda mbuzi wako ameulamba," alisema Hawa. "Si unajua wanavyopenda gundi?"

Watoto walicheka. Na mimi nilicheka, lakini kwa mdomo uliofungwa, maana meno yalikuwa meusi.

Zena hakulia. Alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Dada Sauda, nilikuwa nimebakiza aya nne. Wewe umetangulia kusoma. Huijui Tabaraka? Nitajie hata mwanzo wa aya moja, nitaikumbuka."

"Siijui," nilisema. Na ilikuwa kweli. Niliinywa yote, na sikujua hata neno moja.

Alhamisi asubuhi Bi Mwanaidi alifika pamoja na Maalim. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti ya chini. Tulimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia, "Marahaba, wanangu," akakaa mkekani pamoja nasi. Hawa alisoma, akakosea, akaomba radhi, akakaa. Mimi nilisoma Yasini bila kukwama. Kisha Zena akafunga macho akaanza, na hata mimi niliyekuwa namwonea wivu nilijua kwamba ule ni usomaji. Alifika aya ya kumi na moja akanyamaza.

"Endelea, mwanangu," alisema Bi Mwanaidi.

"Hapa ndipo ubao wangu uliponiishia, Bibi."

"Uliuosha kabla hujahifadhi?" aliuliza Maalim.

"Niliukuta umeoshwa, Maalim."

"Nani aliuosha?"

Mama Klara alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wengine, kwa kuwa hakuna shughuli ya Waislamu iliyompita, akanong'ona kwa nguvu, "Baba yake ameshindwa kumwandalia dawa safari hii."

Zena alimsikia, akageuka. "Dawa gani, Mama Klara? Ile ya bakuli ilikuwa mizizi ya homa. Nilitapika usiku kucha. Sura ile nilikuwa nayo wiki nzima, naisoma nikichunga. Aya moja mpaka mbuzi wafike majini, nyingine mpaka tunarudi."

Mama Klara aliangalia kucha zake. Mimi niliangalia mkeka.

Bi Mwanaidi akasema, "Basi nitamchukua aliyemaliza somo lake. Sauda, sogea hapa." Nilisogea. Nilikuwa nimelipata nililolitaka, na nilihisi kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa kwenye njia ya mawe. "Kwangu tunasoma na maana," aliniambia. "Tuanze na unayoijua. Soma Falaki."

Sura ya Falaki niliijua tangu nikiwa mdogo. Niliisoma mpaka mwisho, kwa madaha.

"Aya ya mwisho tunamwomba Mungu atukinge na nani?"

"Sijui, Bibi."

"Tunamwomba atukinge na shari ya hasidi anapohusudu. Hasidi ni mtu anayeona neema kwa mwenzake, akatamani imwondokee. Moyo peke yake ukiwaka, huo ni ugonjwa. Mkono ukinyooka kwenda kufanya jambo, hiyo ndiyo shari."

Alisema tu kama mtu anayefundisha. Hakuniangalia kwa namna yoyote. Lakini mimi niliutazama mkono wangu. Kwenye mistari ya kiganja wino ulikuwa bado umekaa. Kila usiku kabla ya kulala niliisoma sura ile, nikaomba nikingwe na hasidi, na kumbe Zena naye aliisoma, na hasidi mwenyewe alikuwa mimi.

"Ni mimi, Bibi," nilisema. "Niliuosha mimi ubao wa Zena. Na maji yake niliyanywa."

Maalim Hango aliinamisha kichwa. Mama alikuwa mlangoni, akajifunika uso kwa kanga, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

"Uliyanywa kwa nini?" aliuliza Bi Mwanaidi.

"Ili nijue anayoyajua."

"Na umeyajua?"

"Hapana, Bibi."

Alimwomba Maalim alete msahafu. Akaniamuru mimi, mwenye mwandiko mzuri, niandike aya zile nne kwenye ubao wa Zena. Niliandika polepole, herufi kwa herufi, mbele ya wote. Zena akauchukua ubao wake bila kuniangalia, akaenda kukaa juu ya jabali. Baada ya swala ya adhuhuri alirudi akasoma aya kumi na tano, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, na Bi Mwanaidi akamshika bega. Kondoa ilikuwa ya Zena.

Watu walipoanza kuondoka, Bi Mwanaidi aliniita tukakaa peke yetu.

"Sikiliza, Sauda. Mambo ya kumwombea mgonjwa kwa Kurani yana wenye elimu wanaoyazungumza, na mimi siyaingilii leo. Lakini neno la kwanza alilopewa Mtume wetu pangoni lilikuwa 'Soma'. Hakuambiwa 'Kunywa'. Elimu huipati kwa uvumi wa jirani, wala kwa kumnyang'anya mwenzako. Unaipata kwa kukaa, kurudia, kuuliza maana, kisha kuifanyia kazi. Wewe ulisoma miaka yote hii ili usikike. Leo umesoma aya moja ukaifanyia kazi, ukasema kweli ilhali uongo ungekupeleka Kondoa. Hapo ndipo umeanza kusoma."

"Mungu atanisamehe, Bibi?"

"Mwombe kwa moyo safi, Yeye ni mwingi wa kusamehe. Lakini ulichomfanyia Zena ni haki ya Zena. Hiyo huendi kuiomba mbinguni, unaiomba kwake. Na huwezi kumharakisha."

Nikaenda kwa Mzee Ntandu. Zena alikuwa amepiga magoti uani, anasaga mtama wa safari kwenye jiwe. Nilimwamkia mama yake, nikachuchumaa upande wa pili wa jiwe. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakapotea.

"Zena," nilisema, "nimekukosea. Naomba unisamehe."

Mikono yake ilisimama. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia. Halafu akachukua mtama mwingine kwenye ungo, akaumwaga juu ya jiwe, akaendelea kusaga. Unga ulianguka mweupe kwenye ngozi iliyotandikwa chini. Sikuondoka. Nilikaa pale pale, nikingoja.