Pumzi Kwenye Kioo

Rafiki yangu Kanana si mtu wa kuzua. Mumewe, Bundi, alichuma miraa mashambani kule mjini Maua mpaka alama za vidole vyake zikafutika. Hospitalini, mashine ya kusoma alama za vidole ili bima ilipe ilimkataa kila mara, ingawa alikipulizia kidole pumzi, "haaa," kukitia unyevu. Alifariki akingoja matibabu.

Baada ya mazishi, Kanana alirudi hospitalini kufuta jina la mumewe kwenye bima. Stima ikapotea. Gizani, karibu na sikio lake, akasikia: "Haaa." Mashine ile ya vidole, iliyotumia betri, ikatoa ule mlio wa kukubali ambao Bundi hakuwahi kuusikia.

"Mama, umeweka kidole?" karani akauliza.

"Hapana. Nimekumbatia koti lake."

Stima iliporudi, picha ya Bundi ilikuwa kwenye skrini, na mvuke wa pumzi ulikuwa haujakauka kwenye kioo cha kuwekea kidole.