Sindano za Kifua

– Kunywa! Yote!

Mama mkwe alisukuma kikombe cha dawa ya mizizi ya kupata mtoto mpaka kikamgonga mkamwana wake meno. Tangu aolewe, binti huyo, fundi cherehani wa watu, alikuwa ameshameza machungu ya kila rangi.

– Leo sinywi, mama. Daktari kanipima, sina tatizo.

– Basi tatizo ni la mwanangu? Hebu mtazame!

Mwanawe, mwalimu wa mazoezi ambaye mtaa mzima ulimwita Chuma, alikuwa mezani akibugia mayai. Kifua kimejaa hadi fulana inalia. Hakuinua macho.

– Mwanamume anakula vizuri, anafanya mazoezi kila siku, atakosaje mtoto? Nimeshamtafutia mke mwingine. Wewe funga virago!

Mke alimpenda mwanamume huyu, tena sana, ndiyo maana kimya chake kilimuuma kuliko matusi ya mama mtu.

– Mume wangu, sema basi. Daktari alikupima na wewe, mkabaki wawili ndani. Alikwambia nini?

– Alisema mazoezi ni mazuri, na chakula bora pia.

– Na nini tena? Mbona jasho linakutoka?

Chuma akasukuma sahani.

– Alisema niache sindano za kukuza misuli. Zinaua mbegu. Nikiacha huenda zikarudi, ila itachukua miezi.

– Hiyo ni lini?

– Mwaka jana.

– Na bado unajidunga?

– Nikiacha nitanywea! Wateja wanafuata kifua hiki! Nani atafundishwa na mtu mwembamba?

– Kwa hiyo mimi ninyweshwe mizizi, niitwe mgumba, ili wewe usinywee? Huna hata haya!

Mama yake Chuma ndiye aliyepandwa na hasira sasa.

– Mjinga we! Umenifanya nimtukane binti wa watu mwaka mzima, na wewe unajua!

Akamgeukia mkamwana wake.

– Nisamehe, mwanangu. Ngoja nikusaidie kufunga, twende ukakae kwangu.

– Asante, mama. Ila virago tunavyofunga ni vya mwanao. Akalale na vyuma vyake huko ukumbi wa mazoezi. Akiacha sindano, aje apige hodi. Kufungua au kutofungua, nitaamua mwenyewe.

Chuma alimtazama mama yake, akitegemea atatetewa. Mama alikuwa ameshafika chumbani, ameinama uvunguni mwa kitanda, anavuta begi la mwanawe.