Gasketi ya Mpwani

Kila siku akitoka shule, Costancia aliweka madaftari yake nyumbani, akanywa maji, kisha akateremka mtoni kumsaidia babu yake, Mzee Melkizedek. Huko kulikuwa na kibanda cha nyasi, na ndani yake injini ya pampu iliyopandisha maji kwenye shamba la vitunguu la kijiji. Ulikuwa mwaka 1975, na familia nyingi za Masanze zilikuwa zimehamia karibuni katika kijiji cha ujamaa. Vitunguu vile ndivyo vingewapatia mabati ya kuezekea shule.

Injini yenyewe ilikuwa kuukuu. Zamani ilifungwa huko pwani, kwenye mashua ya tanga ya tajiri mmoja wa mkonge wa Kimamba, ili iisukume siku upepo ukilala. Mashua ikauzwa, injini ikabaki stoo, na mwishowe kijiji kikapewa. Watu waliiita Mpwani, kwa kuwa, walisema, haifanyi kazi mpaka ibembelezwe. Aliyejua kuibembeleza alikuwa Mzee Melkizedek, aliyekuwa fundi mitambo wa tajiri yule. Lakini macho yake yalikwisha kuingia ukungu, kwa hiyo mjukuu wake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa macho yake.

Jumamosi moja Babu alimpa kabureta aisafishe. Kabureta ndiyo huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kati ya bakuli lake na mfuniko huwekwa gasketi, karatasi nene inayozuia petroli isivuje.

"Ibandue polepole, mama," Babu alisema. "Imegandamana. Ukiifanyia haraka itachanika."

Nje wenzake walikuwa wakimwita wakacheze rede. Costancia akaichokoa kwa kisu, nayo ikachanika vipande viwili. Badala ya kusema, alikata jalada la daftari lake, akalipachika pale, akakaza boliti.

"Umeirudisha vilevile, nzima?" Babu aliuliza.

"Ndiyo, Babu."

"Haya, nenda kacheze."

Jalada la daftari si kitu mbele ya petroli. Lililegea, petroli ikadondoka tone kwa tone, na mchanga ukainywa. Kibanda kilinuka petroli siku zote, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mafuta ya mwezi mzima yakaisha kabla mwezi haujafika katikati, na kupata mengine Kilosa mjini ilikuwa taabu tupu.

Mwenyekiti wa kijiji, Simoni, akaitisha mkutano.

"Kuna mtu anauza petroli yetu Kimamba," mwanamume mmoja alisema. "Na ufunguo wa kibanda anao nani?"

Mzee Melkizedek akasimama. "Mimi si mwizi. Petroli imekwenda wapi, sijui."

"Labda injini inavuja, Mzee?" Simoni aliuliza.

"Hapana. Kabureta aliifunga mjukuu wangu, naye hanidanganyi. Muulizeni."

Vichwa vyote vikamgeukia Costancia. Neno moja tu lingemwokoa babu yake, lakini aliyaogopa macho yale yote.

"Gasketi ilikuwa nzima," alisema.

"Basi tunaye mnyonyaji hapa hapa!" mtu akapiga kelele.

Mzee Melkizedek alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani mbele ya Simoni. Wakiwa njiani alimshika mjukuu wake mkono.

"Ahsante kwa kunisemea kweli, mama," alisema.

Costancia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ufunguo alipewa kijana Damiano. Petroli ya kuazima ilipopatikana, Mpwani alikohoa kidogo akazimika. Vitunguu vikaanza kunyauka. Babu aliacha kwenda kucheza bao, maana alipofika wenzake walinyamaza. Kisha homa ikamlaza, na uji aliopikiwa na mkewe, Bibi Verdiana, ukawa unapoa kando ya kitanda chake. Asubuhi moja Costancia alimkuta hawezi hata kuinua kikombe. Hakuweza kuvumilia tena.

"Babu, nilikudanganya. Gasketi niliichana mimi. Niliweka jalada la daftari."

Mzee akageukia ukutani. Mabega yake yakatikisika, na Costancia akajua kwamba babu yake analia.

"Mwite Simoni," hatimaye alisema. "Nawe Verdiana, niletee cheti changu."

Kilikuwa cheti cha kazi alichopewa na yule tajiri, kimechapwa kwenye kadi nene. Simoni alipokuja, walimshikilia huku na huku, hatua kwa hatua, mpaka mtoni. Costancia akafungua kabureta mbele ya mwenyekiti, akatoa jalada lililolowa likawa kama ugali mbichi, akakiri yote.

"Hapa kijijini hakuna karatasi nzuri kuliko hii," Babu alisema. "Inasema mimi ni mwaminifu. Mkutanoni hakuna aliyeitaka. Basi ivifae vitunguu."

Alikilaza cheti juu ya mdomo wa bakuli, akagonga kingo taratibu kwa nyundo ndogo mpaka karatasi ikajikata kwa umbo lake. Akaipaka sabuni pande zote mbili, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Costancia akakaza boliti kidogo kidogo, hii na ile ya upande wa pili. Mpwani akakohoa, akanguruma, na maji yakapanda. Halikudondoka hata tone moja.

Jioni hiyo Costancia alisimama mbele ya kijiji kizima, akasema kweli huku machozi yakimtoka. Simoni alirudisha ufunguo kwa mikono miwili.

"Tusamehe, Mzee. Tulihukumu kabla ya kutazama."

"Nimewasamehe," alijibu.

Wakati wa kurudi, Costancia aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi, Babu?"

"Nawe nimekusamehe. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Kuchana gasketi si kosa kubwa. Hata mimi nimechana nyingi. Ungeniambia siku ile ile, tungekata nyingine tukacheka. Uongo ndio uliotuunguza. Gasketi hukatwa nyingine kwa nyundo na sabuni, lakini imani ya mtu haikatwi hivyo. Itakuchukua muda mrefu kuirudisha, nawe uirudishe."

Jumamosi iliyofuata alisafisha kabureta tena, polepole, wenzake wakimwita bila kujibiwa. Akaifunga.

"Umeirudisha vilevile, nzima?" Babu aliuliza.

"Ndiyo, Babu."

Mzee Melkizedek alisita. Kisha akainama kwa taabu, akapapasa chini ya kabureta kwa kidole, akakinusa. Kilikuwa kikavu. Costancia alisimama pale akimtazama, machozi yakimlengalenga, wala hakumlaumu.