Wanne Watoke, Wanne Wafike

Asubuhi ile, kwenye uwanja wa magari nyuma ya jengo lao huko Highview, kusini mwa Louisville, walikuwepo watu watano. Alikuwepo Ruberwa, funguo za gari mkononi. Alikuwepo mkewe Umwali, na begani kwake binti yao Mizero, mwenye miezi saba. Alikuwepo Athanasi, mzee wa kanisa, na mkewe Mukabutera, aliyeleta maandazi ya njiani akiwa ameyafunga kwa kitambaa ili yasipoe. Mtu mwingine hakuwepo. Baadaye Umwali aliyarudia majina hayo mara nyingi, na hakupata kuongeza hata moja.

Ilikuwa Julai 2016. Ruberwa alikuwa amepewa wiki ya kwanza ya mapumziko tangu aanze kupakia maboksi kwenye ghala, na Toyota yao kuukuu ilikuwa imetoka kwa fundi. Alitaka kumwonyesha mkewe nchi. Si barabara kuu ambazo kila mtu alipita, bali zile ndogo za vijijini ambako ng'ombe wanaonekana. Wangelala Columbus kwa Leya, rafiki wa Umwali tangu kambi ya wakimbizi, kisha wangepanda hadi Buffalo kwa shangazi yake Ruberwa. Tangu ajifungue, Umwali hakuwa ameona kitu ila kliniki, kanisa na duka. Usiku wa kuamkia safari alikuwa akicheka peke yake huku akikunja nguo za mtoto.

Kwao hakuna safari inayoanza bila maombi, na anayeomba huwataja wasafiri mbele za Mungu. Athanasi alifumba macho, akaomba kwa sauti yake ndefu ya milimani kwao.

"Bwana, uwaangalie hawa wanne. Wanne watoke, wanne wafike."

Wakati huohuo Umwali alihisi kiganja kikitua kwenye kisogo cha Mizero, kikitulia pale kwa upole. Kilikuwa baridi. Alidhani ni Mukabutera, akamshukuru moyoni. Alipofumbua jicho moja, Mukabutera alikuwa ng'ambo ya duara, mikono yote miwili juu.

Wasafiri walikuwa watatu. Umwali alijua kosa limesemwa. Lakini ni nani atakayemkatiza mzee katikati ya maombi, na mkewe amekuletea maandazi ya moto? Aliona aibu kwa niaba yake. Alisema amina pamoja na wengine.

Walikuwa hawajafika mbali gari lilipoanza kulia. Kengele ile ndogo ya mkanda, ting, ting, ting, kama mtu ameketi mbele bila kujifunga. Umwali alikuwa nyuma kulia, Mizero katikati kwenye kiti chake, mizigo kushoto. Kiti cha mbele kilikuwa na mkoba tu. Ruberwa alimwomba mkewe auondoe, akauvuta nyuma. Kengele iliendelea.

"Mama Mizero, huyu mugeni wetu ni munene," alisema Ruberwa akicheka. "Gari imemusikia."

"Usitanie hivyo."

"Bon, nimufunge mukanda, anyamaze."

Akanyoosha mkono, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Umwali aliinama kuutazama. Mkanda haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umetuna mbele, hewani, kama unavyotuna juu ya tumbo la mtu aliyeketi. Alijiambia umekwama. Ila kuanzia hapo gari zima likanuka maziwa yaliyochacha na majivu ya jana, na kufungua madirisha hakukusaidia.

Leya aliishi ghorofani katika nyumba ya mbao huko Clintonville, kaskazini mwa Columbus. Alikuwa ametoka zamu ya kuwatunza wazee, miguu imevimba, lakini alikuwa amepika maharage na fufu ya muhogo, na kitanda chake aliwaachia wao. Walikula wakikumbushana visa vya kambi. Kisha Umwali akamweka mtoto kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Mizero alikataa. Hakulia. Aligeuza uso tu, akautazama mlango, kama anayesubiri mwenyewe aje. Leya alisema ni joto. Alimletea kitambaa cha maji ya uvuguvugu cha kuweka kwenye matiti yaliyokuwa yamejaa hadi kuuma, akaketi naye mpaka maumivu yakapungua. Wema huo Umwali hakuusahau.

Asubuhi mkanda wa mbele ulikuwa wazi. Uliofungwa sasa ulikuwa wa nyuma kulia, mahali pa Umwali. Alibonyeza kifungo kwa kidole, akabonyeza kwa kiganja, Ruberwa naye akajaribu, haukufunguka.

"Imekwama," alisema Ruberwa. "Kaa mbele na mimi. Si tunatembea, chérie? Uone njia."

Umwali aliketi mbele. Walipoondoka, nyuma yake Mizero alianza kucheka, kile kicheko cha tumboni ambacho watoto humchekea mtu anayewafurahisha.

Kaskazini mwa mji Ruberwa aliacha barabara kuu. Njia ikawa nyembamba, mahindi kushoto, majani kulia, nyumba nyeupe moja na nyingine mbali. Alipoona ng'ombe alisimamisha gari bila kuuliza. Alienda kwenye uzio, akawaita kama alivyowaita wa baba yake kule milimani, na ng'ombe wale wa watu wengine, wasiojua lugha yake, wakaja. Umwali alifurahi kumwona mumewe amekuwa kijana tena. Ghafla ng'ombe wote wakasimama. Hawakumtazama Ruberwa, walitazama dirisha la nyuma la gari. Kisha wakageuka kwa pamoja wakakimbia hadi mwisho wa malisho, wakabaki huko wamesongamana.

Mwenye shamba, mzungu mzee mwenye kofia, alitoka nyumbani akiwa amebeba sinia lenye vikombe vinne vya maji ya barafu. Hakuuliza wanatafuta nini. Alimpa Ruberwa kikombe, akampa Umwali kingine kupitia dirishani. Vilikuwa vimebaki viwili. Alikunywa kimoja yeye mwenyewe, kingine akabaki amekishika, akichungulia nyuma, halafu akageuza uso haraka kwa adabu.

Kiingereza cha Umwali kilikuwa kidogo, lakini alichosema mzee alikielewa chote. Mzee aliuliza: "Na huyo mama anayenyonyesha huko nyuma, yeye hataki maji?"

Umwali aligeuka. Mizero alikuwa kwenye kiti chake, shingo imepinda upande wa kulia, macho nusu yamefumba, midomo ikivuta na kumeza, ikivuta na kumeza, na pembeni mwa kinywa chake kulikuwa na maziwa.

Alitoka, akamfungua mtoto, akamkumbatia. Mizero alipiga yowe, akajipinda kama upinde, akinyoosha mikono kwenye kiti kitupu. Ndipo Umwali alipohisi kifua chake. Tangu jana hakuwa amenyonyesha, ilipaswa kiwe kigumu kama jiwe, lakini kilikuwa laini, kimelegea, kama cha mtu aliyenyonywa usiku kucha.

Kutoka ndani ya gari, sauti ya mwanamke ilisema polepole, "Mimi pia niliombewa. Wewe ulisema amina."

Ruberwa aliisikia. Kikombe kilimponyoka. Hakutania tena siku ile.

Gari hawakuweza kuliacha pale, na mtoto hawakuweza kumpakata barabarani bila kusimamishwa na polisi. Kwa hiyo Ruberwa alihamishia mizigo mbele, na Umwali akaketi nyuma kushoto, mtoto katikati, na kulia yule mwingine, ambaye hakuonekana ila kwa mkanda uliotuna na kushuka, ukituna na kushuka kwa pumzi. Walirudi barabara kuu, wakashika njia ya ziwani, na saa zote zile jua likiwaka, magari ya watu wenye furaha yakiwapita na mashua juu ya matela, Umwali alikuwa ameushika mkono mmoja wa Mizero na akihisi, kila alipouvuta kwake, mkono wa pili ukivutwa upande wa pili, taratibu, bila hasira, kama anavyovuta mtu mwenye hakika na mali yake, huku harufu ya majivu ikizidi na sauti ile ikimbembeleza mtoto kwa wimbo usio na maneno, na mtoto, mtoto wake wa tumbo, akimtazama mama yake kama anavyotazamwa mgeni kwenye basi.

"Ni wangu," Umwali alinong'ona.

"Ulimuzaa tu," ilisema sauti. "Tukifika atakuwa hakujui."

Shangazi Nyirabeza aliishi Kenmore, kijiji kilichoshikana na Buffalo upande wa kaskazini. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi ambaye watu walimpigia simu kutoka majimbo ya mbali awaombee. Alikuwa akiwangoja barazani. Alipouona uso wa Umwali hakusalimia; alinyoosha mkono kuelekea gari akaanza kukemea kwa jina la Yesu, kwa sauti ya kutetemesha vioo. Alipomaliza, wote wakasema amina, na ndani ya gari mtu mwingine naye akasema amina, kwa unyenyekevu.

Nyirabeza alishusha mkono. Aliuliza ni nani aliyewaombea kabla ya kutoka, na alisema nini. Umwali akamweleza yote, hata kiganja, hata aibu yake.

"Kwa nini haukusema?" Ruberwa aliuliza.

"Nikatize muzee kwa maombi? Wewe ungesema?"



"Donc, ndiyo maana anaitika," alisema Nyirabeza kwa sauti ya chini. "Hamuwezi kufukuza mutu mulimuombea. Mugeni hafukuzwi. Anakaribishwa, anakunywa, anasindikizwa. Kule kwetu aliyekunywa maziwa ya nyumba hawezi kuigusa tena kwa ubaya."

Alifungua mlango wa kulia. "Karibu, mama," alisema. "Umefika." Akaleta maziwa ya dukani kwenye kikombe cha mti, akayaweka kizingitini mwa nyumba. Walingoja. Maziwa hayakupungua. Mizero, mikononi mwa mamake, alikuwa ameacha kulia. Macho yake yalikuwa yakitulia, yakiwa mbali, na mwili wake ukipoa.

"Si ya duka," ilisema sauti.

Nyirabeza alimtazama Umwali kwa huruma. Alimwambia hakuna wa kumlazimisha kutoa yake. Alimwambia pia kwamba hajui kama yatarudi.

Umwali alimpa Ruberwa mtoto. Alimwaga maziwa ya duka kwenye majani, akapiga magoti kizingitini, akajikamua. Mwanzoni hakikutoka kitu. Alikamua mpaka machozi yakamtoka, mpaka kifua kikawa na alama nyekundu za vidole, na tone moja likaanguka, na jingine, na chini ndani ya kikombe pakawa na maziwa kiasi cha kijiko, ya manjano kidogo, yenye uzi wa damu. Hayo ndiyo yote aliyokuwa amebaki nayo ya kumpa binti yake. Akakisukuma kikombe mbele.

"Kunywa," alisema. "Halafu uende."

Maziwa yalizama kama maji kwenye mchanga. Ndani ya gari mkanda ulifunguka wenyewe, tak, ukarudi mahali pake.

Nyirabeza alivaa viatu. Alitoka barabarani akitembea taratibu, kama mtu anayetembea na mwenzake aliyechoka, akiongea habari za kawaida, mvua, afya, akimwonya mahali ukingo wa njia ulipovunjika. Alikwenda hadi kona ya mbali. Huko alisimama kidogo, akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akarudi bila kutazama nyuma. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, naye alishika nguzo ya baraza kabla ya kuketi.

Mizero alishtuka kama anayeamka. Aliyatafuta macho ya mama yake, akayapata, akalia kilio chake cha zamani cha njaa, akijitupa kutoka kwa baba. Umwali alimpokea. Mtoto alifukua nguo kwa pua, akakamata titi, akavuta, akavuta tena, akaliachia, akamtazama mama yake kwa mshangao.

"Njoo hapa hapa, mwanangu," Umwali alisema, akamwacha aendelee kujaribu. Ruberwa alikuwa ameshaanza kuulizia duka lililo wazi.

Maziwa ya Umwali hayakurudi. Mizero alilelewa kwa maziwa ya kopo, na alianza kutembea mwezi wa pili mwaka uliofuata.