Viatu vya Perpetua Havikusimama

Saa sita mchana mnara wa mitindo uliita, na wanawake waliokuwa katika Soko la Mawenzi, mjini Morogoro, wakasimama.

Walisimama popote walipokuwa. Muuza nyanya alisimama na fungu mkononi. Wawili waliotaka kuvuka barabara walirudi pembeni wakashikana mabega. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipanda ngazi za benki aliegemea ukuta na kufumba macho. Kisha viatu vyao vikaanza kubadilika miguuni. Visigino virefu vya Kiangazi vilizama taratibu kama mshumaa unaoyeyuka, vikawa vifupi na vinene, mfano wa kikombe kilichopinduliwa. Pua zilizochongoka zilijikunja zikawa za mraba. Rangi ya chungwa ilififia, ikaja zambarau iliyokolea. Hakukuwa na kelele, ila mkwaruzo mdogo kama wa panzi kwenye majani makavu. Msimu wa Vuli ulikuwa umefunguliwa.

Mwanamke mmoja tu alikuwa anatembea.

Alivaa gauni jeusi na kitambaa cheusi kichwani. Alichechemea mguu wa kulia, akiuingiza ndani kila alipoukanyaga, na bega lake likishuka pamoja nao. Waliomwona kwa nyuma waligeuza shingo. Mwendo ule waliujua, na mwenye nao walikuwa wamemzika juzijuzi tu. Lakini huyu hakuwa Perpetua. Alikuwa mdogo wake, Leokadia Mkude, injinia wa kampuni ya Nyayo Saba iliyotengeneza viatu vile, na miguu yake yote miwili ilikuwa mizima.

Vilikuwa vinaitwa viatugeuzi. Vilifumwa kwa uzi-hai, uzi unaoweza kulegea na kukaza kwa amri ya mnara. Mwanamke alihitaji jozi moja tu maisha yake yote, na kila msimu jozi hiyo ilipokea mtindo mpya bila yeye kwenda dukani. Ndani ya soli kulikuwa na kumbukumbu ya wayo. Kiatu kilijifunza mguu hatua kwa hatua, wapi unalemea, wapi unaumia, mpaka kikaukaa kama ngozi ya pili.

Wenye uwezo walikuwa Daraja la Kwanza na walipata msimu siku ile ile. Wenye mfuko mwembamba walikuwa katika daraja ambalo kampuni, kwa adabu zake, iliita Daraja la Subira. Wao walipata msimu wiki moja baadaye. Katika wiki hiyo mtu aliweza kusoma umaskini wako akiwa upande wa pili wa barabara, bila kukuangalia usoni. Wapo waliojifungia ndani mpaka ipite.

Perpetua hakujifungia. Mguu wake wa kulia ulivunjika utotoni ukaunganishwa vibaya, na kwa sababu hakuna kiatu kilichomkaa, alivijua viatu vyote. Zamani meli za mtumba zilipokuwa bado zinakuja, aliuza viatu pale Mawenzi. Alikunja soli, alinusa gundi, alipima kisigino kwa kiganja, na mteja aliyekuja na hela ya ndala aliondoka na kiatu cha kwenda nacho harusini. Meli zilipokoma aliingia Subira kama wenzake. Viatugeuzi vilikuwa viatu vya kwanza maishani mwake ambavyo havikumtoa damu, na hilo hakuacha kulisema, hata siku alizoisema vibaya kampuni.

Lakini kila wiki ya Subira alikaa kwenye kigoda chake na mfuko wa vipande vya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani. Alivichana utepe, akavifunga kwenye visigino vya msimu uliopita, akavipitisha kwenye kifundo, akavisuka puani. Wanawake wa Subira walitoka pale viatu vikiwa vimependeza kuliko vya msimu mpya. Mtu akimtania kwamba amechelewa, alijibu, "Sijachelewa. Nimefika mapema, nawangoja ninyi mchoke."

Aliugua wiki chache tu akafa.

Jumanne baada ya mazishi Leokadia alikwenda ofisini kwa Injinia Mkuu Mushobozi. Mushobozi hakuwa mtu mbaya. Alisimama kumpokea, akampa mkono.

"Pole sana, dada. Rambirambi ya ofisi ilifika?"

"Ilifika, nashukuru. Nimekuja kwa ajili ya viatu vya marehemu."

"Akaunti imefungwa?"

"Mjomba aliandikisha kifo siku ile ile. Ni mtu wa sheria."

"Basi Jumamosi, Vuli ikifunguliwa, vitafutwa. Vikishafutwa vinaweza kupewa mtu mwingine. Utaratibu unaujua."

"Naomba vifutwe Jumatatu. Jumapili tunamaliza matanga."

Mushobozi alitazama mikono yake. "Nikiiruka jozi moja kwa sababu ya msiba, kesho nitaletewa misiba ya mkoa mzima. Watu wanakufa kila wiki, Leokadia."

"Najua. Wiki hii nimejua zaidi."

"Nitakupa jozi mpya, Daraja la Kwanza. Nitasaini mwenyewe."

"Sitaki jozi," alisema Leokadia. "Nataka mguu wa dada yangu."

Katika ukoo wao nguo za marehemu hugawiwa siku ya kumaliza matanga, lakini viatu havigawiwi ovyo. Hupewa yule ambaye marehemu alimwachia ziwa, yaani mdogo anayemfuata. Huyo huvivaa mbele ya watu, akatoka navyo mpaka njiani, ili marehemu asiende peku. Leokadia ndiye aliyeachiwa ziwa na Perpetua. Viatu vilivyofutwa vingekuwa kama viatu vya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Angetembea navyo kumsindikiza nani?

Jioni alimwendea mama yao, Mama Skolastika, aliyekaa mkekani na miguu kaikunjua kwa sababu ya magoti.

"Mama, hatuwezi kumaliza matanga Ijumaa?"

"Watu wa Matombo wameambiwa Jumapili. Wa Kinole wameambiwa Jumapili. Padri ameambiwa Jumapili. Leo niwaambie kiwanda cha viatu kimekataa?"

"Vitafutwa, mama."

"Wewe ndiye unayefanya kazi huko. Mimi ni mzazi tu."

Leokadia alikaa na kufikiri. Kuvificha kwenye sanduku la chuma kusingesaidia, kwa kuwa kiatu kisichousikia mnara hujiona kimeibiwa na hujifuta chenyewe. Kuvunja mfumo wa mnara kungewafikisha watu wengine mahakamani pamoja naye. Lakini ilikuwepo sheria moja ya usalama. Miaka ya mwanzo bibi mmoja alianguka akavunjika nyonga kisigino kilipozama katikati ya hatua, na baada ya hapo viatu vilifundishwa kungoja. Kiatugeuzi hakigeuki wala hakifutwi mvaaji akiwa anatembea. Hungoja atulie kwa muda wa kusema Salamu Maria moja. Ndiyo maana watu walisimama.

Mnara ungeanza kuita sokoni, kisha kata kwa kata, mpaka machweo. Akaunti zilizofungwa ziliitwa upya pamoja na kila kata. Machweo yakipita, ungenyamaza; wiki ijayo ungeita Subira tu, na akaunti zilizofungwa zingengoja hadi msimu mwingine.

Kwa hiyo ilimbidi avivae na asisimame. Tena ilimbidi asitembee kama Leokadia. Kiatu hujifunza. Mchana mzima wa hatua zake mwenyewe ungemfuta Perpetua polepole, bila msaada wa mnara. Utotoni walikuwa wakicheza mchezo wa kuigizana mwendo, na Perpetua ndiye aliyekuwa akimsahihisha. "Bega nalo, we mtoto. Bega linashuka kwanza, mguu unafuata."

Jumamosi bega lake lilishuka kwanza. Alipita katikati ya wanawake waliosimama, akavuka soko, na kiatu cha kulia kikampwaya pale Perpetua alipokuwa na uvimbe, kikambana kwingine. Hakufika mbali kabla ya kuitwa.

Alikuwa Bi Somoe, muuza vitenge, rafiki wa miaka mingi wa Perpetua. Yeye alikuwa wa Subira, mnara haukumhusu siku hiyo, na alikuwa amekaa kibandani kama wenzake. Alikuja mikono yote miwili imenyooshwa, kama impasavyo mtu anayempa pole mfiwa, na mfiwa kupokea pole huku anatembea ni utovu wa adabu usio na jina.

"Leokadia, mwanangu. Simama nikushike mkono."

"Siwezi kusimama, mama. Nishike tukitembea."

"Unakimbia nini?"

Alimweleza, na pumzi zilikuwa zimeanza kumkata. Bi Somoe alisikiliza bila kumwachia mkono. Kisha akageuka, akawapigia kelele wenzake wa vibandani. "Njooni mtoe pole. Ila huyu mfiwa hakai, anatembea. Anayetaka kumpa pole amfuate."

Wakaja. Wengine walikuwa na pole ambayo hawakuwahi kuitoa, wengine walikuwa na utepe wa Perpetua kwenye visigino vyao vya chungwa. Walipofika Kilakala, kata ambayo ilikuwa bado haijaitwa, akina mama wa Daraja la Kwanza walitoka mageti kuuliza ni msiba wa nani. Na mtu akishaambiwa ni msiba wa nani, hawezi kubaki getini. Waliingia msafarani na viatu vya Kiangazi. Mnara ukaita Kilakala, na kwa kuwa walikuwa wanatembea, hakuna kilichogeuka.

Mmoja wao alitazama miguu yake, kisha ya Bi Somoe.

"Huo utepe umefungwaje?"

"Ukitembea nami nitakuonyesha," alisema Bi Somoe. "Huo ni msimu wa Perpetua. Hauna daraja."

Wakiwa Kichangani kisikio cha Leokadia, simu ndogo iliyobandikwa nyuma ya sikio, kililia. Alikuwa Mushobozi.

"Leokadia, simama."

"Siwezi. Nimefiwa."

"Kilakala nzima haijageuka. Kichangani nusu. Umewafanya nini?"

"Wananipa pole."

"Waambie watoe pole wamesimama."

Leokadia alimgeukia Bi Somoe. "Bosi wangu anasema mtoe pole mmesimama."

Bi Somoe alisogeza mdomo karibu na kisikio, akiwa bado anakwenda. "Mwanangu, siku ukifiwa nawe tutakuja. Huko tutasimama, ukitaka hata kupiga magoti."

Wanawake walicheka, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa khanga. Mushobozi alishusha sauti.

"Leokadia, nikilazimika kuandika, nitaandika kwamba umehujumu msimu."

"Andika kwamba nilimsindikiza dada yangu," alisema. "Msimu ulinikuta njiani." Akakibandua kisikio akakitia mfukoni.

Alasiri ilikuwa ndefu. Damu ilianza kulowanisha kifundo, na Bi Somoe akamfunga utepe wa kitenge hali yeye anachechemea, akiinama na kuinuka pembeni yake kama mtu anayepanda mpunga. Walimpa maji akanywa akienda. Mahali fulani, bila kujua ni wapi, aliacha kuigiza. Bega lilishuka lenyewe. Alimkumbuka Perpetua akiwa sokoni, akivuka matope na jozi tatu za mtumba begani, hakuna aliyempa mkono na yeye hakuuomba, na akaelewa kitu ambacho miaka yote ya kupima nyayo kwa mitambo haikumwonyesha, kwamba kila hatua ya dada yake ilikuwa imemgharimu kiasi hiki.

Jua lilizama nyuma ya milima wakiwa wanakaribia nyumbani. Mnara uliita mara ya mwisho, ukanyamaza. Leokadia aliendelea kutembea mpaka kizingitini, kwa sababu hakuamini, kisha akasimama. Alisema Salamu Maria nzima. Viatu havikutikisika.

Mama Skolastika alitazama umati uliojaa uani, akamtazama binti yake. Alimvua viatu kimoja kimoja, akaiweka miguu yake kwenye beseni la maji ya chumvi. Kisha akaingiza mkono ndani ya kiatu cha kulia, akapapasa kama mtu anayetafuta mtoto gizani kwa mkono.

"Kisigino ni cha Perpetua," alisema. "Na hapa anapoingizia ndani ni yeye. Huku mbele simjui."

Leokadia alikuwa ameogopa sentensi hiyo mchana kutwa. "Huku mbele ni mimi, mama. Nilijitahidi. Kilijifunza kidogo."

Mama alibaki na mkono ndani ya kiatu. Uani watu walikuwa wanakaa chini, hatimaye, na kunyoosha miguu yao ya chungwa na zambarau.

"Kesho utamsindikiza navyo. Lakini hata baada ya kesho sitaki wamfute. Msimu ujao unafunguliwa lini?"

"Masika. Mwezi wa tatu. Na watakuwa wamebadilisha sheria, mama. Mushobozi si mjinga."

"Na wewe si mjinga. Utatafuta njia nyingine, hata kama kazi wamekunyang'anya. Lakini kama njia bado ni kutembea, zamu ya Masika ni yangu."

"Mama, huwezi. Magoti yako."

"Ndiyo," alisema Mama Skolastika, akakishusha kiatu na kuanza kukunja gauni lake mpaka magotini, ili ajaribu kama kinamwenea. "Magoti ni yangu. Siyo ya kampuni."